Uzi maalumu kwa tunaokimbia polepole Mwanza: tunaacha kwa uchovu, watu wanasema hatuna moyo

MLETA UZI (Nyakato, Mwanza)

Wakuu, poleni na majukumu. Mwangaluka kwa wa nyumbani.

Uzi huu ni kwa ajili yetu sisi tunaofika mwisho wa mbio mahema yakiwa yanakunjwa. Kila msimu kwenye vikundi vya joging hapa mjini naona jambo lilelile. Mtu anajiandikisha kilomita 21 kwa furaha zote, ananunua raba, anatuma picha akiwa Capri Point na ziwa nyuma yake, halafu baada ya wiki kadhaa haonekani. Ukimpigia anakwambia, "Mama, mimi sina moyo wa mbio, ngoja nibaki na matembezi." Wanaopotea hivyo wengi wao ni wa dakika 8, 9 au 10 kwa kilomita. Basi watu wameshatoa hukumu kwamba wa polepole ni wavivu, hawana roho ngumu.

Nakataa, na nitaeleza kwa hesabu.

Programu nyingi za marathoni, yaani ratiba za mazoezi, zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zimeandikwa kwa kilomita. Jumapili utakuta imeandikwa kilomita 32, ambazo asili yake ni maili 20 za Wamarekani. Anayekimbia dakika 4 na nusu kwa kilomita anazimaliza kwa saa 2 na dakika 24, anaoga, anakunywa chai na ibada ya pili anaiwahi. Wa dakika 8 na nusu anahitaji saa 4 na dakika 32. Programu ni ileile na siku ni ileile, lakini mmoja kafanya kazi karibu mara mbili ya mwenzake, tena saa za mwisho akiwa juani. Jumanne wote wawili wanaambiwa wakimbie 12. Yule wa kwanza keshapona. Wa pili miguu bado mizito, usingizi wa mang'amung'amu, watoto wakimwuliza kitu anafoka, na akiziona raba mlangoni anageuza uso. Hapo ndipo anaposema hana moyo. Moyo anao, jamani! Kinachomsumbua ni mwili ambao haujapumzika, na hakuna aliyemwambia.

Kinachojenga pumzi ya mbio ndefu ni muda unaokaa kwenye kazi nyepesi. Ndani ya misuli vijishipa vya damu vinaongezeka, mitokondria (vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli) zinaongezeka, mwili unajifunza kutumia mafuta ili glaikojeni, yaani sukari iliyowekwa akiba mwilini, idumu. Nusu saa yako ya mwendo mwepesi inafanya kazi hiyo hata kama jirani yako kwa nusu saa hiyohiyo amekwenda mbali mara mbili. Makocha wengi huweka kikomo cha mbio ndefu ya wiki kati ya saa 2 na nusu na saa 3, kwa sababu ukivuka hapo faida inaongezeka kidogo ilhali majeraha yanakaribia.

Kwa hiyo andika programu yako kwa dakika. Mimi kwa 21 naenda hivi: Jumanne dakika 40, Alhamisi 45 zenye kilima, Jumamosi 30 za kulegeza miguu, Jumapili naanzia 70 na kupanda taratibu mpaka 150. Kila wiki ya nne napunguza. Dakika 150 kwa mwendo wa 8 ni karibu kilomita 19. Siku ya mbio, kwa mwendo huohuo, 21 inakwisha kwa kama saa 2 na dakika 49. Mwili umeshafika jirani kabisa na hapo, zilizobaki unazibeba na watu wa barabarani.

Kwenye daftari langu safu ya mwendo nimeifuta. Zimebaki tatu tu: dakika, usingizi, na mwili umeamkaje. Saa ya mkononi naivaa lakini naifunika na mkono wa fulana mpaka ilie muda wa kugeuza.

Karibuni tujadili.

MDAU (Igoma)

Dada asante sana, hii imenigusa. Swali: huo mwendo mwepesi nitaujuaje? Mimi hata nikikimbia kidogo tu nahema mpaka mwenye genge ananipa pole.

MLETA UZI

Kaka, wewe unaanza kwa kasi kuliko uwezo wako wa leo. Wengi wetu ndivyo tulivyo kwa sababu tunaona aibu kukimbia taratibu mbele za watu. Kipimo rahisi ni salamu zetu. Ukikutana na mzee wa Kisukuma pale Mabatini, ukamsalimia ukiwa unakimbia, ukauliza nyumbani, watoto, ng'ombe na mvua, bila kukata pumzi katikati, uko sawa. Ukiishia kwenye watoto, punguza.

Kama hata mwendo wa chini kabisa unakuhemesha, kimbia dakika 3, tembea 1, tangu dakika ya kwanza, kabla hujachoka. Huo si utoro. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich 1972, amefundisha maelfu ya watu kumaliza marathoni kwa njia hiyo. Siri yake ni kwamba misuli inapumzika ingali na nguvu. Wanaosubiri mpaka wachoke ndipo watembee, wakishatembea hawakimbii tena.

Na msidhani mwendo mwepesi ni wa wanyonge. Alphonce Simbu wetu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 alitumia saa 2:09:48, yaani wastani wa kama dakika 3 na sekunde 5 kwa kilomita. Wakimbiaji wa daraja hilo siku zao za kulegeza mwili huanza kwa dakika 5 kwa kilomita, au hata taratibu zaidi. Wana tofauti kubwa kati ya mwendo wa mbio na mwendo wa mazoezi. Sisi ndio tunafanya mazoezi yote kwa mwendo wa mashindano, halafu siku ya mashindano hakuna kilichobaki.

MDAU (Bwiru)

Mkuu, kwa heshima zote, naona mnabembelezana. Mtu wa dakika 9 kwa kilomita apunguze kilo, afanye spidi mara mbili kwa wiki, atakuwa wa dakika 6. Mkikubali upolepole mtabaki hapohapo.

MLETA UZI

Kaka wa Bwiru, sijakasirika, hoja yako inasemwa sana na ina ukweli ndani. Spidi inasaidia. Alhamisi yangu ina kilima: napanda Bugando kwa nguvu sekunde 30, nashuka kwa kutembea, narudia mara 6 au 8. Miguu inapata nguvu na hatua inakuwa nzuri.

Ila fikiria unayemwambia. Ana miaka 47, ana duka, ana watoto watatu, anaamka saa kumi na moja kutafuta muda. Kwa mtu huyo spidi mara mbili kwa wiki juu ya mbio ndefu ni goti lililovimba mwezi ujao. Na wapo ambao hata wakifanya kila kitu kwa usahihi hawatafika dakika 6, kwa maumbile tu na kwa umri, kwani uwezo wa mwili kutumia oksijeni unashuka miaka inavyosonga. Hao nao wana haki ya kukimbia kilomita 21 na kufurahi. Mimi ninachopigania ni mtu abaki barabarani mwaka wa pili na wa tatu. Akibaki, kasi kidogo itakuja yenyewe. Asipobaki hakuna cha kuongeza.

MDAU (Bukoba)

Vijana, mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63 na natembea-nakimbia kila asubuhi. Nashangaa hakuna aliyemtaja John Stephen Akhwari. Marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968, anaikimbilia Tanzania, kaanguka, goti limetoka, kafungwa bandeji, na bado akamaliza. Huyo ndiye baba wa wote wanaomaliza mwisho. Someni habari zake mkikata tamaa.

MLETA UZI

Shikamoo mzee wangu, na karibu sana.

Akhwari namheshimu mno, lakini naomba ruhusa nitofautiane na wewe kidogo. Hakuwa mkimbiaji wa polepole. Alikuwa mshindani wa kweli aliyeumia, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Alimaliza kwa saa 3:25:27, wengi wetu humu muda huo hatuugusi hata tukiwa wazima. Kati ya 75 walioanza walimaliza 57, na yeye ndiye wa 57. Tukimtumia kama kielelezo chetu tutaanza kudhani kukimbia na goti bovu ni ushujaa, na nimeona watu wakijiumiza kwa hadithi hiyo. Yeye alikuwa kwenye Olimpiki na bendera ya nchi kifuani. Mimi nikiumia Jumapili barabara ya uwanja wa ndege napanda daladala narudi nyumbani.

Ila kuna kitu kwenye habari yake hakisemwi. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani saa nzima na dakika 5 baadaye, giza limeingia, na bado palikuwa na watu majukwaani, na kamera bado zinafanya kazi. Wangekuwa wamefunga milango na kwenda kulala, leo hii tusingekuwa na cha kusimulia. Hilo ndilo ninalowaomba waandaaji wa mbio zetu wa kila mahali: bakini.

Kuna mbio moja niliyoshiriki, sitaitaja. Nilifika meza ya maji ya kilomita 15 nikakuta vikombe vitupu vimetapakaa na kijana mmoja anapakia madumu kwenye guta. Mwisho wa mbio medali zimeisha, ilhali tulilipa kiingilio sawa na wote na muda uliotangazwa ulikuwa haujafika. Tulikuwa wengi, wengine ndiyo mara yao ya kwanza. Mama mmoja pembeni yangu alikaa kwenye ukingo wa mtaro akalia. Alikuwa amemaliza 21! Sijamwona tena kwenye mazoezi. Sasa huyo mtaniambia alikosa moyo?

MDAU (Bukoba)

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, na hapo kwa waandaaji umesema kweli tupu.

MDAU (nesi, Ilemela)

Naomba niongezee jambo la kitabibu, maana mleta uzi kagusia maji. Sisi wa polepole tuna hatari ambayo wa mbele hawana sana: kunywa maji kupita kiasi. Ukiwa njiani saa 3 na zaidi, unasimama kila meza, unakunywa hata bila kiu, chumvi ya damu inashuka. Kwenye Boston Marathon ya 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, asilimia 13 wakakutwa sodiamu, ndiyo hiyo chumvi ya damu, iko chini. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani kwa kunywa, na waliotumia zaidi ya saa 4.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba mpaka pete inabana, mtu kuchanganyikiwa. Wengine wakimwona hivyo wanamwongezea maji, ndiyo wanammaliza. Kunywa unaposikia kiu. Kwenye mbio ndefu beba kitu chenye chumvi. Mimi nabeba viazi vitamu vya kuchemsha vilivyonyunyiziwa chumvi, kwenye mfuko mdogo. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nayo ni nzuri ila inataka meno na muda.

Na tafadhali, msimeze diklofenaki kabla ya mbio ili "kuzuia maumivu". Ukichanganya dawa hizo, jua na jasho jingi, figo ndizo zinaumia.

MLETA UZI

Nesi, Mungu akubariki. Hili la dawa lisomwe na kila mtu. Nimewahi kuona zikigawiwa mstarini kama pipi.

MDAU (Nyegezi)

Mimi ni binti, nataka sana kuanza lakini nina mambo mawili. La kwanza giza, saa kumi na mbili kamili bado ni usiku. La pili maneno. Makonda wa daladala wananipigia kelele "panda dada, utachelewa", waendesha bodaboda wanapunguza mwendo na kunifuata. Kwa anayekimbia haraka yanapita, mimi yananikaa sikioni njia nzima.

MLETA UZI

Mdogo wangu, hayo yote ni ya kweli na usikubali mtu akuambie uyazoee.

Kuhusu giza: tunatumia saa zilezile za Dar es Salaam, lakini sisi tuko magharibi, jua linachelewa kutufikia. Mwanza linachomoza karibu saa moja kasorobo asubuhi, linasogea kidogo tu mwaka mzima. Kwa hiyo programu inayosema "anza saa kumi na moja na nusu" huku kwetu ni kukimbia usiku. Anza saa kumi na mbili na nusu, mwanga ushapasuka. Na usikimbie peke yako.

Najua utaniuliza: nikimbie na nani wakati wote wananiacha? Hapa nina jambo ambalo limebadilisha kabisa kikundi chetu, na naomba kila kikundi kilijaribu.

Zamani tulikuwa tunaanza pamoja kwenda Igoma, wa mbele wanafika, wanasubiri, wanapoa, wanaanza kuangalia simu. Sisi wa nyuma tukitokea tunapigiwa makofi, nao papo hapo wanaondoka. Wao wamepumzika, sisi hatujapumzika hata dakika. Ukifanyiwa hivyo kila Jumapili unajiona mzigo.

Sasa tunakimbia kwa saa. Tunakutana Kona ya Bwiru, tunashika barabara ya uwanja wa ndege, maana ni tambarare kuliko sehemu nyingi za mji huu wa mawe. Kila mtu anakwenda mbele kwa mwendo wake kwa dakika 45. Zikitimia, popote ulipo, unageuza. Wa mbele amefika mbali, wa nyuma amefika karibu, na kwa kuwa kila mmoja anarudi kwa mwendo uleule, wote tunarudi Kona ya Bwiru karibu dakika moja. Hakuna anayesubiriwa. Tena wakati wa kurudi wa mbele wanakuja nyuma yako, wanakukuta kilomita ya mwisho, mnaongea. Kijana anayekimbia 21 kwa saa moja na nusu anarudi bega kwa bega na mama wa dakika 9. Tukifika, tunanyoosha misuli pamoja, uji tunakunywa pamoja. Asubuhi nyingine vijidudu vya ziwani vinapanda juu ya maji kama moshi, na ikiwa upepo unakuja nchi kavu funga mdomo, lakini hata hilo mkiwa wengi linakuwa kicheko.

Tangu tuanze hivyo, wa polepole hawapotei. Na konda akiona watu ishirini wa kila umri hana la kusema. Bodaboda ndio kabisa.

MDAU (Musoma)

Uzi mtamu sana huu. Mimi lengo langu ni 21 ya Kilimanjaro Marathon pale Moshi. Nasikia kuna kilima cha kuua. Na raba, za mtumba zinafaa au nidunduize mpya?

MLETA UZI

Moshi nusu ya kwanza inapanda kuelekea Mweka, nusu ya pili unashuka. Kwa wa polepole hiyo ni habari njema ukiijua mapema. Usipigane na mlima. Tembea kwa hatua fupi za haraka panapoinuka sana, wapite wanaokupita. Wengi wao utawakuta kwenye mteremko wamekufa mapaja. Ila mteremko wenyewe unataka mazoezi, maana ndio unaochana misuli ya mbele ya paja. Tafuta kilima huko Musoma, na ujifunze kushuka kwa kukimbia taratibu, mara moja kwa wiki, miezi miwili kabla.

Raba za mtumba mimi nanunua Mlango Mmoja na sioni aibu. Ila usiangalie juu, juu wanasafisha na kupiga brashi. Geuza uone kisigino kama kimelika upande mmoja. Halafu bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba, ile sponji iliyo kati ya kitambaa na mpira wa chini: ikibonyea na kurudi, iko hai. Ikiwa ngumu, au ina mikunjo midogomidogo pembeni, imekufa, hata kama inang'aa. Ingiza mkono ndani, papasa sehemu ya kisigino kama kitambaa kimetoboka, maana hapo ndipo malengelenge yanapozaliwa. Chukua kubwa kidogo ya namba yako, miguu inavimba ukikaa juu yake saa tatu.

Kabla hujalipa kiingilio, kokote kule, wapigie waandaaji na uulize mambo haya: njia inafungwa saa ngapi, meza ya mwisho ya maji inaondolewa lini, na medali zimehesabiwa kwa walioandikishwa wote? Wakijibu kwa uhakika, lipa. Wakibabaika, tunza hela yako. Tukiuliza wengi watazoea kuulizwa.

MDAU (Igoma)

Nimejaribu leo, dakika 3 kwa 1. Nimekwenda dakika 36 na nimemaliza nikiwa naongea. Mwenye genge hajanipa pole. Jumapili nakuja Kona ya Bwiru, nibebe nini?

MLETA UZI

Hongera sana kaka! Njoo na chupa ndogo ya maji, kitu chenye chumvi na nauli ya kurudia endapo goti litasumbua. Kwako wewe tutageuza dakika ya 20, nitakuwa nawe. Binti wa Nyegezi, nitumie ujumbe, kuna akina mama wawili wanatokea Butimba, mtakuja pamoja. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu, hatuchelewi.